Vigae Tisini na Kimoja

Mwalimu wa hesabu wa shule yetu alijipa mwenyewe jina la Kikokotoo. Mtu akijibatiza namna hiyo, ujue wengine wamekosa la kumsifia. Mimi ni mtunza stoo. Chaki zake natoa mimi, na kwa miaka kumi na saba nimeziona zikiisha bure.

Ukutani mwa darasa lake alikuwa ameandika, kwa rangi nyekundu, namba tasa zote zilizo chini ya mia, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tisini na moja ilikuwamo, tena kaikoleza.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alimwita dada yangu, fundi wa vigae, apambe ukuta nyuma ya masinki ya kunawia. Stoo kulikuwa na vigae tisini na kimoja vya bluu. Mwalimu mkuu alitaka vyote vitumike, viwe mstatili kamili, bila pengo wala kigae cha kukatwa. Kikokotoo alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Haiwezekani," alisema. "Tisini na moja ni namba tasa. Labda uvipange mstari mmoja mrefu kama utambi."

"Umeijaribu?" dada akauliza.

"Kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Imekataa zote."

"Na saba je?"

Akacheka kwa pua. "Mama fundi, wewe paka saruji. Hesabu tuachie wenyewe."

Dada akaanza kuchanganya saruji. Mimi ningemjibu mpaka chai yake ipoe.

Alipanga saba kwenda juu, kumi na tatu kwenda upande. Kabla ya kengele ya mchana ukuta ulikuwa tayari na hakikubaki kigae hata cha kuegeshea mlango. Kikokotoo akaja, akahesabu kwa kidole, midomo ikimcheza. Akarudia. Wanafunzi waliokuja kunawa wakaanza kuhesabu naye.

"Hii ni hesabu ya ukutani," akasema mwishowe. "Ya darasani ni nyingine."

"Na ile uliyoiandika ukutani mwa darasa ni ipi?" mwalimu mkuu akamuuliza.

Hapo binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono wenye maji. "Mwalimu, kwenye mtihani wa kuchagua timu ya mashindano niliandika kwamba tisini na moja si tasa, ni saba mara kumi na tatu. Ukanikosesha. Nilibaki nje kwa alama moja."

Mwalimu mkuu akaagiza karatasi zote ziletwe. Kikokotoo alizisahihisha upya mezani kwangu stoo, maana ofisi ya walimu ilikuwa na vicheko vingi mno. Kalamu nyekundu nilimpa mimi. Radhi hakuomba. Alisema vitabu vya siku hizi vimebadilisha mambo, kana kwamba zamani saba mara kumi na tatu ilikuwa tisini na mbili.

Binti aliingia kwenye timu. Kiongozi wa timu bado ni Kikokotoo; hakuna mwalimu mwingine anayetaka kazi hiyo. Juzi nilimsikia akiwaeleza wazazi kwamba kipaji cha yule mtoto alikigundua yeye, tena mapema.