Msiba wa Mama Yake Kobe

Yule msichana aliingia, akasimama mlangoni amekumbatia kompyuta yake, akatutazama migongo, akatoka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nahangaika na waya wa projekta. Nilipofika chini ya ngazi alikuwa ameshavuka barabara. Nikapiga kelele, "Wewe! Dada!" Kumasi nzima ina madada, kwa hiyo waligeuka wengine wote isipokuwa yeye.

Nikarudi juu nimenuna.

"Mmemwona?"

"Nani?" akasema Boadu bila kuinua macho. Boadu ndiye niliyeanzisha naye hili Kundi la Linux la Oforikrom, la wapenda programu huria za kompyuta. Ni mtu anayeweza kula pai moja ya nyama kwa saa nzima. Mimi kukaa kitako dakika tano ni adhabu, na labda ndiyo maana hatujagombana mpaka leo.

"Mgeni. Ameingia, hakuna aliyemsemesha, kaondoka zake."

"Si ungemsemesha wewe, Abrafi."

"Nilikuwa chini ya meza, Boadu!"

"Na mimi nilikuwa kwenye pai."

Wakacheka wale waliokuwepo, lakini walikuwa wachache hata kicheko chenyewe hakikujaza chumba. Nikazunguka meza. Nikafungua dirisha, nikalifunga. Nje ngoma za misiba zilikuwa zimeshaanza, maana Jumamosi kwetu ni siku ya misiba, na kuweka mkutano wa kompyuta siku hiyo ni ukaidi wangu mwenyewe. Mwaka jana lakini ukaidi huo ulifanya kazi. Chumba hiki cha juu ya duka la dawa kilikuwa hakitoshi, watu wakikaa sakafuni na kwenye ngazi. Kisha Kobe akaacha kuja.

Kobe ni mtu, tena mwanamke mrefu wa miwani. Hilo ndilo jina aliloingia nalo kwenye kundi letu la simu, na picha ya kobe, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa kuukuu na ilichukua muda kuwaka. Hakutuzidi kwa ujuzi. Ila alikaa kiti cha karibu na mlango, na mgeni akitokeza tu, yeye ameshampa maji na kumwambia, "Hata yangu haijawaka, kaa tusubiri wote." Basi, mgeni keshatulia. Mimi niliyechapisha mabango na fulana, niliyehutubia vyuo viwili, niliwaleta watu mara ya kwanza. Aliyewafanya waje mara ya pili alikuwa Kobe. Nililijua hilo kwa kuchelewa na lilikuwa linanikera usiku na mchana.

Ukutani niliandika kwa mkono wangu: HAPA HUULIZWI WEWE NI NANI. Nilikuwa na sababu. Kabla ya kundi hili niliwahi kwenda kwenye kundi jingine mjini, wanaume tu, wakanihoji kama polisi. Umesoma wapi, unafanya kazi kwa nani, mumeo ndiye mwanachama? Niliacha soda yao nusu, nikaapa kwamba kwangu mtu ataingia na jina lolote analotaka na hatachokonolewa. Nilijivunia sana maandishi yale.

"Kwani Kobe haji tena?" aliuliza mmoja.

"Leo ni msiba wa mama yake," akasema Boadu. "Asokwa. Si aliandika?"

Nikatoa simu. Ujumbe ulikuwepo, wa wiki kadhaa nyuma: "Mama yangu amefariki. Msiba ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Asokwa, nyuma ya shule. Karibuni." Chini yake msururu wa vikatuni vinavyolia, kimoja changu. Na chini ya kikatuni changu, siku ileile, mimi tena: "Pole sana Kobe. Ukipata nafasi nitumie zile slaidi za kuwapokelea wageni."

Alizituma jioni ile. Tangu hapo hakuandika neno.

Uso ukaniwaka moto. "Inukeni," nikasema. "Tunakwenda."

"Wapi? Hatujavaa," akasema mmoja.

"Fulana zetu rangi gani?"

Wakajitazama. Nyeusi, namshukuru Mungu na mchapishaji. Boadu yeye alikuwa na shuka yake nyeusi kwenye mfuko, na bahasha ya mchango, kwa kuwa mchana alikuwa aende msiba wa shangazi yake. Akaivaa palepale, akaipitisha begani, akawa mtu wa heshima ghafla mwenye makombo ya pai kidevuni.

Asokwa nyuma ya shule palikuwa na maturubai mpaka mwisho wa macho. Misiba mitatu, minne, kila mmoja na spika zake, kila spika inashindana na jirani.

"Ni upi?" niliuliza.

"Wa mama yake Kobe."

"Najua ni wa mama yake Kobe! Marehemu anaitwa nani?"

Hakuna aliyelijua jina. Tukampigia Kobe, simu imezimwa. Tukaanza kusoma mabango ya marehemu yaliyobandikwa ukutani, tunatafuta sura. Kwenye bango moja palikuwa na mwanamke mrefu, paji pana.

"Paji ni lake," akasema Boadu. "Tazama. Hata namna ya kukataa kutabasamu."

Sikuwa na subira ya kubishana. Tukaingia. Tukapeana mikono na wafiwa kuanzia kulia, safu kwa safu, nyuso zimeinama, nami namtafuta Kobe kwa macho simwoni. Tukapewa viti. Tukapewa maji. Kisha msemaji wa familia akasimama.

"Hapa kwetu hakuna baya zaidi ya hili mnaloliona," alisema. "Ninyi mliotoka njiani, mmejia nini?"

Boadu anajua adabu za misiba kuliko anavyojua kompyuta. Akasimama, akateremsha shuka begani. "Wazee wetu, hatukujia ubaya. Tumesikia dada yetu amefiwa na mama yake, tukasema tusimwache peke yake."

"Mama yake ndiye nani?"

"Ndiye marehemu huyu."

Msemaji akageuka kuwatazama wenzake, akaturudia sisi. "Marehemu huyu," akasema polepole, "hakujaliwa kupata mtoto."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Natamani ardhi ipasuke, na ardhi imekauka haina habari. Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye kitambaa chekundu kichwani, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia.

"Jamani, dada yangu kapata mtoto leo!" akasema. "Kungoja kote kule, amekufa ndio anazaa!"

Turubai zima likalipuka. Hata msemaji akajifuta macho. Bibi akaniita kwa kidole nikachuchumae mbele yake.

"Huyo dada yenu ni nani, tuwaonyeshe njia?"

"Tunamwita Kobe, bibi. Ni mrefu, wa miwani."

"Kobe huyuhuyu wa gamba? Ni wa nyumba gani?"

"Sijui."

"Wa baba gani?"

"Sijui, bibi."

"Alizaliwa siku gani?"

Hapo nikainamisha kichwa. Kwetu kila mtu ana jina la siku aliyozaliwa; hata muuza maji wa barabarani ukimuuliza amezaliwa siku gani, unapata la kumwita. Nikamtazama Boadu, naye anatazama viatu.

"Hata siku yake hamjui," akasema bibi, na sasa hakuwa anacheka. "Mna naye tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili mnafanya naye nini?"

"Kompyuta."

"Aa," akasema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

"Bibi, kwetu hatuulizi watu mambo yao," nilisema, maana nilianza kuudhika na nilitaka kujitetea. "Ni kwa heshima. Mtu asijione anahojiwa."

"Sawa. Sasa akifa yeye, spika itamtangaza nani? Kobe?"

 Sikupata muda wa kutafuta jibu, kwa sababu mtangazaji wa msiba alikuwa ameshasikia kila kitu na amenyakua kipaza sauti.

"Wapendwa waombolezaji!" sauti ikapaa juu ya maturubai yote. "Tuna vijana wa kompyuta hapa, wamepotea msiba! Wanamtafuta mwenzao, mama mrefu wa miwani, wao wanamwita Kobe! Kobe, popote ulipo, watu wako tunao!"

Vicheko vikatoka upande wa pili wa barabara, na upande wa tatu. Nikainuka nikakaa, nikainuka tena.

Akaja. Alitokea katikati ya viti vya watu, nguo nyekundu na nyeusi, kichwa kimenyolewa, miwani hana, nusura nisimtambue. Hakuwa na tabasamu hata la kuazima.

"Abrafi," alisema. "Mmekaa kwa nani hapa?"

"Tumekosea."

"Naona. Asokwa yote imeona."

Akanivuta nyuma kwenye makreti ya soda. Nilitakiwa nimpe pole. Nilijua natakiwa nimpe pole. Lakini mdomo wangu huu haujawahi kunisubiri. "Kobe, utarudi lini? Wageni wanakuja wanaondoka, leo tu msichana mmoja..."

"Ndicho ulichojia?"

Ningeweza kudanganya. "Ndicho kilichoniinua kule," nikasema. "Niliondoka kwa hasira. Kundi linanifia mkononi, nikakutaka wewe. Lakini hapa niliposimama sijui tena nimejia nini. Nisamehe."

 Akaanza kusema kwa sauti ndogo, haraka haraka, bila kunitazama.

"Tangu asubuhi nimekaa pale. Kaka yangu wamemjia watu wa kazini kwake, wametoka Obuasi basi zima. Dada yangu wamemjia wa kanisani na sare zao. Mdogo wetu ana timu ya mpira. Kila mara spika inasema, hawa wamemjia fulani, na fulani anainuka kuwapokea. Mimi sijainuka. Mjomba ananiuliza, wewe Jumamosi zote zile ulikuwa unakwenda wapi? Mama anaumwa, namwacha, nakuja kukaa mlangoni kwenu. Alikuwa ananiuliza, hao watu wako wanakujua? Nikawa namwambia, sana, mama. Wananijua sana."

Iliniuma. Sina namna nyingine ya kusema.

"Twende kwenu," nilimwambia.

Hatukuweza kuondoka bila kutoa rambirambi kwa watu tuliowavamia, kwa hiyo tukachanga tulichokuwa nacho mifukoni. Bibi alipokea, akamshika Kobe kidevu, akampa pole ndefu kuliko zetu zote. "Mkimaliza huko rudini mle," akatuambia. "Wali upo, na dada yangu hana watoto wa kuja kuula."

Njiani Kobe alitangulia. Nilitaka kumuuliza jina, ulimi ukawa mzito. Boadu akanisogelea.

"Mifuko imekauka. Huko tutatoa nini?"

Nikaitazama ile bahasha yake.

"Hii ni ya shangazi," akasema. Hatua chache mbele akaguna. "Haya. Shangazi mwenyewe alikuwa mchelewaji, atanielewa."

Wafiwa wa kwa Kobe walikuwa wengi. Tukaanza upya kutoka upande wa kulia, mkono kwa mkono. Kaka, dada, yule mdogo wa mpira, mjomba mwenye macho makali aliyenishika mkono muda mrefu kuliko kawaida akiisoma fulana yangu. Kobe aliketi mwisho wa safu, na kando yake hapakuwa na mtu. Tukakaa. Tukanywa maji. Mjomba akatuuliza tumejia nini.

Boadu akaanza kuinuka. Nikamvuta shuka, akakaa.

Nikasimama mimi.  "Wazee, sisi tunakutana kila Jumamosi Oforikrom. Tumefika tukiwa tumechelewa, na kabla ya hapa tulikosea msiba. Tumemjia huyu."

"Huyu nani?" akauliza mtangazaji wao, kipaza sauti mkononi, tayari kututangaza.

Kaka akageuka. Mjomba naye akageuka. Watu wote wa safu ile wakanigeukia, na spika kwa mara ya kwanza siku ile zikawa kimya.

Nikamwendea mpaka alipokaa, nikainama. "Dada," nikasema, "unaitwa nani?"

Alinitazama. Niliogopa atainuka aende kukaa na ndugu zake, aniache pale nimeinama mbele za watu, na nisingekuwa na haki ya kulalamika. 

"Yaa Gyamfua," akasema.  "Na mama ni Ama Birago. Mtaje yeye kwanza."

Nikashika kipaza sauti, nikamtaja yeye kwanza.