Sukari Haiingii Peke Yake

Nimekaa ukingoni mwa kitanda, saa nane mchana, namnywesha mume wangu Shomari maji ya sukari. Tumbo linamwendesha tangu alfajiri, kisa biriani ya harusini, sahani tatu, na sasa amelegea mpaka naogopa. Nesi alisema sukari na chumvi. Chumvi imeniishia, na iliyo karibu iko kwa dada yake, wifi yangu Mwanakheri, ambaye hatusemezani naye tangu Maulidi. Sukari itatosha, najiambia, na kope zinashuka, na barabara inafunguka.

Barabara ni ya joto, inapinda na kupinda tena, na kumbe ni utumbo wa Shomari, naujua kwa harufu ya biriani. Kando yake nyumba hazina mwisho, kuta zake za mafuta zinatikisika, na kwenye kuta hizo najiona: mimi ni punje ya sukari. Mlangoni yupo bawabu asiye na uso. Nabisha hodi. Haingii mmoja, anasema, wanaingia wawili wasiofanana. Mbona tone la mafuta limepenya ukutani bila hata salamu? namuuliza. Hilo ni ndugu wa ukuta. Na maji je? Maji yenyewe yananijibu yakipita: sisi tunawafuata nyinyi, mkiingia tunaingia, mkibaki nje tunakwenda chooni. Yanakwenda kweli, kwa kasi, na kila tone ni Shomari anayepungua. Nakimbilia nyumba ya pili, ya kumi, na kila mlango ni uleule na bawabu ni yuleyule. Mwenzio yuko wapi? ananiuliza. Pembeni imekaa punje ya chumvi, imenipa mgongo, na mgongo ule naujua. Wifi, nipe mkono. Leo umenikumbuka, anasema Mwanakheri, siku ile ya Maulidi ulipotangaza kwa watu kwamba pilau yangu imeungua hukunijua. Iliungua wifi, lakini ningenyamaza, nisamehe, kaka yako anakwisha. Anasonya, ananishika mkono, bawabu anageukia ndani nasi tumo, na maji nyuma yetu yanaingia yakisukumana.

Nafumbua macho. Mwanakheri yuko upande wa pili wa kitanda, kijiko cha chumvi mkononi, na Shomari anaomba kikombe kingine. Nani amekuita? namuuliza. Si ni wewe, tukaingia pamoja, anasema, anakoroga. Ila humo tumboni, wifi, mumeo anataka kupigwa deki.