Mirathi ya Nyumba ya Wapuni

Usiku wa jana niliota nimefiwa, ila sijui na nani. Niko msibani Tunisia, kwenye nyumba ya Wapuni, wale watu wa kale ambao mjukuu wangu Zuwena alinisomea habari zao kabla sijalala. Paa hakuna. Kuta zinanifika magotini. Sakafu nyekundu, imepachikwa vijiwe vyeupe kama mchele uliomwagika. Karibu na mlango pana birika la kuogea, na ndani yake kikalio cha mtu mfupi, saizi yangu kabisa.

Nje kibao kinajisoma kwa sauti: "Urithi wa dunia nzima. Wageni wasiguse."

Dunia nzima ilikuwa imesikia, ikaja kugawana. Foleni inaishia jikoni kwangu Muheza. Kila mtu ana mfuko.

"Mbona marehemu alipokuwa anaumwa sikuwaona?" nikauliza.

"Tulikuwa mbali, Bibi," akasema Bwana Mshangama, msemaji wa warithi, tai shingoni, nyundo mkononi. "Tufanye haraka, watu wana ndege."

Mmoja akataka dirisha. Akaambiwa halipo, akakubali kuchukua mahali lilipokuwa. Akapakunja vizuri, akapaweka mfukoni.

Bwana Mshangama anainua nyundo juu ya birika. Birika likakohoa.

"Bibi, mimi sijafa," nyumba ikasema kupitia humo.

"Marehemu haongei," kibao kikasema.

"Bwana wee," nikamwambia Mshangama, "mirathi haigawiwi mwenyewe yu hai. Hata Muheza tunajua hilo."

"Ana zaidi ya miaka elfu mbili, Bibi! Tumsubiri mpaka lini?"

Nyumba ikaninong'oneza: "Nyumba ikiogewa ndani haijafa. Oga, mama, wanibomoa hawa."

"Wageni wasiguse!" kibao kikapiga kelele.

"Mgeni nani? Mimi mfiwa."

Kibao kikajisoma tena, taratibu, kikakuta mfiwa hakukatazwa.

Nikavua ndara, nikajifunga khanga vizuri, nikakaa birikani. Maji sijui yalitoka wapi, vuguvugu, kama yale aliyokuwa akinipashia mama. Nikasugua visigino bila haraka, kimoja, halafu kingine, halafu kile cha kwanza tena.

Warithi wote wakageuka, maana nani atasimama kumtazama bibi wa watu akioga? Foleni ikaanza kurudi nyuma.

"Tumepoteza nauli," akanung'unika Mshangama, mgongo kanipa.

"Mkija tena mpige hodi, baba."

Yule wa dirisha akaparudisha mahali pake. Pamepata mikunjo kidogo.

"Umesahau sabuni," nyumba ikasema.

Nikaamka. Zuwena amesimama mlangoni.

"Shikamoo Bibi. Mbona khanga imelowa? Na bafuni pakavu?"

"Marahaba," nikajibu.

Nikatazama miguu. Visigino vimetakata, vina wekundu wa sakafu ile. Katikati ya vidole kimenasa kijiwe cheupe, kama punje ya mchele.

Nimekifunga pindoni mwa khanga, nije nikirudishe. Mwenyewe bado yu hai.