Anwani Yenye Milango Miwili

Saa mbili na robo asubuhi, taa ya kadi ya mtandao kwenye seva ya zahanati iligeuka kijani, na swichi mpya ikaanza kazi. Haikuwa kitu cha kushikika. Ilikuwa programu huria, imepakuliwa bure na kuwekwa ndani ya seva, lakini kazi yake ilikuwa ile ile ya kisanduku cha waya: kupokea data ya mashine moja na kuipeleka kwa nyingine, kila mashine na mlango wake. Mashine zenyewe nazo zilikuwa za programu, zikiishi ndani ya seva hiyo hiyo, na mtu wa mezani aliifungua yake kupitia kioo tu. Ya zamani ilikuwa bubu. Hii ukiiuliza nani yuko mlango gani, inajibu.

Fundi wa kompyuta, ambaye zahanati nzima ilimwita Bi Waya, aliihamisha anwani ya seva kutoka kwenye kadi hadi kwenye swichi kwa amri ya mstari mmoja. Wenye pupa huigawa amri hiyo mara mbili, na wakimaliza nusu ya kwanza hujikuta wamejifungia nje, funguo ziko ndani. Yeye hakukatikiwa; kioo cha kompyuta yake kiliendelea kujibu.

Swichi ilitakiwa kwa sababu moja. Majibu ya maabara yalikuwa yanavuja. Mwanamke mmoja alipigiwa simu na muuza dawa, akapewa pole kwa ugonjwa ambao daktari alikuwa hajamwambia. Kumbukumbu za maabara zilionyesha kwamba majibu yake yalifunguliwa kutoka anwani ya mashine ya mapokezi. Na aliyekaa mapokezi alikuwa mume wa mdogo wake Bi Waya.

"Nataka ushahidi kabla ya saa sita," Katibu wa zahanati alikuwa amemwambia. "Ushahidi ukimwangukia shemeji yako, anaondoka leo hii. Undugu uache getini."

"Umeshabaki huko, mama."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimkaa vibaya. Jumapili, mezani kwa mdogo wake, alikuwa amevitazama viatu vipya vya shemeji hadi chakula kikapoa.

"Dada, mbona unamtazama mume wangu kama mita ya umeme?" mdogo wake aliuliza. Wote walicheka. Bi Waya alicheka pia, akaendelea kutazama.

Sasa shemeji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni.

"Shemeji, mtandao umekatika tena."

"Kwa wote?"

"Kwangu tu, kama nimelogwa. Nikisema, wananiambia mvivu hakosi sababu."

Hata Bi Waya alikuwa amewahi kusema hivyo. Mtu ambaye mtandao wake unakatika kila siku ana ruhusa ya kuondoka mezani kila siku. Alimwambia asubiri, akaiuliza swichi. Anwani ya mashine ya mapokezi ilikuwa mlango wa nne, palepale alipoiweka. Akauliza tena. Mlango wa saba. Akauliza mara nyingine, ikawa imerudi wa nne.

Anwani ya mashine haitembei. Ikionekana milango miwili, mashine ni mbili.

Mlango wa saba ulikuwa wa mashine iliyoitwa "akiba". Bi Waya na mkuu wake wa kitengo cha kompyuta, wawili pekee waliokuwa na funguo za seva, waliijua: nakala ya mashine ya mapokezi, iliyotengenezwa na mkuu huyo, waliyemwita Profesa, ili ya kwanza ikifa ya pili iamshwe. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini akiba ilikuwa macho wakati mwenzake mzima. Anayenakili mashine hutakiwa kuibadilishia nakala anwani. Aliyenakili hii hakubadilisha. Basi mbili zikaitika jina moja, na swichi ikawa inampelekea jibu yule aliyesikika mwisho. Ndiyo maana shemeji alikuwa akikatikiwa.

Lakini shemeji angeweza kuwa anaitumia akiba yeye mwenyewe. Bi Waya aliizima mashine ya mapokezi, akamtuma shemeji akakae mbele ya Katibu, simu yake ikiwa mezani. Kisha akatazama kumbukumbu za maabara. Kabla chai yake haijapoa, anwani ya mapokezi ilifungua majibu ya wagonjwa watatu.

Mwizi hakuwa shemeji. Walibaki wenye funguo wawili, Profesa na yeye, naye alikuwa dada wa mke wa mtuhumiwa. Angekuwa Katibu, asingeamini neno lake tupu. Aliiwasha tena mashine ya mapokezi na kubeba kompyuta yake hadi ofisini kwa Katibu.

Profesa alikuwa ameshaitwa. Alikaa pembeni, kompyuta yake mapajani, miwani imeteleza hadi nchani mwa pua.

"Nilisema tangu mwanzo," alimwambia Katibu kwa upole. "Swichi ya nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Ila namhurumia huyu dada, maana ni familia."

Shemeji aliangalia sakafu. "Mimi sijafungua kitu cha mtu, mkuu."

"Kila mtu husema hivyo, kijana."

Bi Waya aliketi kando ya Katibu, kioo kikiwatazama wao wawili tu. "Mama, naufunga mlango wa mapokezi mbele yenu. Anayevuta majibu atakatikiwa."

Aliandika amri. Kidole chake kilionyesha namba kwenye kioo, Katibu akaisoma kimya: saba.

Profesa alisukuma miwani juu. Akagusa kitufe, akagusa tena.

"Umekosea, Bi Waya," alisema. "Hapo umefunga akiba."

Nje, muuguzi aliita jina la mgonjwa.

"Umejuaje, Profesa?" Bi Waya aliuliza. "Kioo changu hukioni."

"Nimekisia. Kosa la kawaida hilo."

"Kisia tena. Mashine ya mapokezi iko hewani au haiko?"

Profesa alitazama kioo chake; hakikuonyesha habari za mashine hiyo. Mkono wake ulianza kushusha kifuniko cha kompyuta.

"Usiifunge," Katibu alisema. "Isogeze huku kwangu. Kama ilivyo."

Aliisogeza. Katibu aliigeuza, akasoma kilichokuwa kwenye kioo: orodha ya wagonjwa wa asubuhi ile, imekatikia katikati, na juu yake jina la mashine iliyokuwa ikiileta. Akiba. Alisoma mpaka chini, kisha akamtazama mtu wa mapokezi.

"Rudi kazini. Watu wamepanga foleni."

"Na mtandao ukikatika, mama?"

"Muulize shemeji yako."

Saa sita kasorobo, Bi Waya aliiuliza swichi mara tatu. Mara zote tatu, anwani ya mapokezi ilikuwa mlango wa nne.