Ndala za Man-hei

Mdogo wangu Ching ni mjanja kuliko watu wote ninaowajua, na ujanja wake ndio uliotumaliza. Nasema hivi nikiwa na hasira, na sitaki mtu anitulize.

Mwanawe Man-hei, tunayemwita Hei, alipopata kazi yake ya kwanza, ya kutengeneza kompyuta, Ching alipiga hesabu kichwani huku akimenya vitunguu saumu. Nyumba yake ni ya serikali, ghorofa ya kumi na tisa huko Tsz Wan Shan, chumba kimoja chenye pazia katikati. Ofisi ya nyumba hutazama mapato ya kila aliyeandikwa humo, na mshahara wa kijana ungepandisha kodi. Basi akamfuta. Aliandika kwamba mwana amehama, sasa anaishi kwa dada mtu, yaani kwangu, Sham Shui Po. Barua zake za benki na za hospitali zikaanza kuja kwangu, nazipanga juu ya cherehani. Mwenyewe hakuhama hata kidogo. Aliendelea kulala kitanda cha juu nyuma ya pazia, miguu ikining'inia nje, maana kitanda chenyewe kilinunuliwa akiwa mtoto wa shule.

Msidhani Ching alikuwa peke yake. Kwenye jengo lile nusu ya vijana wamehama, na jioni utawakuta wote kwenye lifti wanarudi kula wali wa mama zao.

Tatizo lilikuwa maafisa wa nyumba, ambao hupita bila taarifa. Ching alishawajua kwa masikio: lifti inafunguka, husikii funguo zikilia, unasikia viatu vizito vikisimama mlango hadi mlango. Kabla hawajamfikia, mikono yake ilikuwa imemaliza kazi. Ndala za Hei ndani ya ndoo ya mchele, mswaki mfukoni mwa aproni, mashati ndani ya mashine ya kufulia, maboksi juu ya godoro. Halafu anafungua geti la chuma kwa uso wa mjane mpole asiye na mtu. Miaka mitatu alifanya hivyo, mpaka mikono ikawa haimngoji yeye.

Mwaka ule wa maandamano ya kuipinga serikali Hei alikuwa barabarani kama vijana wengi. Baadaye rafiki yake mmoja alikamatwa na polisi, simu yake ikachukuliwa, na picha za Hei zilikuwamo ndani ya simu hiyo. Tangu hapo mlango ukigongwa aliacha kutafuna. Tulitaka aondoke nchini kabla polisi hawajamfikia. Hilo tu ndilo tulilolitaka, mengine yote ninayosimulia ni mahangaiko.

Mlango wa kutokea ulikuwepo. Mimi na Ching tulijiandikisha uraia wa ng'ambo wa Uingereza kabla ya bendera yao kushushwa hapa mjini kwetu, si kwa kupenda, ila wanawake wote wa kiwanda chetu cha nguo walikuwa kwenye foleni na sisi hatukutaka kubaki nyuma. Kwa miaka mingi pasi zile hazikuwa na kazi ila kukaa kwenye kopo tupu la keki za sikukuu ya mwezi. Kisha Waingereza wakatangaza kwamba mwenye hadhi hiyo anaweza kuomba visa akahamie kwao. Ching, ambaye hajawahi kulala nje ya mji huu isipokuwa kwa wakwe zake Dongguan, akasema ataenda kuosha vyombo kwenye baridi mpaka afe, mradi mtoto awe upande ule.

Tukaenda kwa Bibi Yip, wakala wa mambo ya visa huko Mong Kok, juu ya duka la miwani. Tulikwenda watatu, Ching amevaa koti la harusi za watu.

"Mama ana hadhi?" Bibi Yip akauliza.

"Ninayo."

"Na kijana kazaliwa lini?"

"Mwaka mmoja baada ya bendera."

"Basi yeye hana hadhi, na hawezi kuomba peke yake. Anaomba pamoja na mzazi, na lazima awe anaishi na mzazi huyo nyumba moja. Nipeni karatasi yenye majina yenu wawili na anwani moja."

Ching akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Kwenye karatasi anaishi kwangu," nikasema. "Na mimi pia ninayo hadhi hiyo hiyo. Nitampeleka mimi."

"Wewe ni nani yake?"

"Mama yake mkubwa."

"Mama mkubwa si mzazi."

"Kwetu ni mzazi."

"Kwetu ndiyo," akasema Bibi Yip. "Kwao hapana."

Ching akainama mbele. "Mwanangu hajalala nje tangu nimzae. Mimi ndiye ninayemfulia chupi zake."

"Fomu haina mahali pa chupi, mama."

Hei akacheka, masikio yamemwiva. Nami nikaanza kutafuta njia, maana sipendi kuondoka mahali mikono mitupu. Je, Ching aandike kwamba amehamia kwangu? Bibi Yip akasema ofisi ya nyumba ikijua amehama, nyumba inakwenda. Akinyimwa visa na nyumba imeshakwenda, atalala wapi? Kwangu pana kitanda kimoja na cherehani. Je, Hei abadilishe anwani benki? Barua zikianza kuingia kwenye nyumba ambayo hajaandikwa, ofisi ikijua, ni matatizo yale yale. Kila njia niliyoishika ilinirudisha pale pale.

"Rudisheni jina lake kwenye nyumba kwanza," akasema Bibi Yip. "Hiyo ndiyo karatasi watakayoiamini. Halafu njooni."

Kwenye ngazi Hei akaniambia, "Mama Mkubwa, mimi nimekuwa mzimu. Kwa Mama ninalala ila sipo, kwako nipo ila silali."

"Mzimu halipi nauli," nikamwambia. "Tangulia ukalipe."

Ching akapeleka maombi: mwana amerudi nyumbani kumtunza mama mwenye goti bovu. Goti lenyewe ni bovu kweli, hapo hakudanganya. Karani akamwambia, "Tutakuja kuona." Hakusema lini.

Nyumba ikageuzwa kinyume. Kila kilichokuwa kimefichwa kikatolewa. Mashati ya Hei yakatundikwa kwenye bomba mbele ya macho ya anayeingia. Ndala zake za bluu, kubwa kama mabeseni, zikawekwa mlangoni. Ching alikuwa akizunguka na ufagio akijisemea, "Mwanangu anaishi hapa, analala kitanda cha juu." Nikamuuliza kama anajifunza kuimba.

Siku waliyokuja nilikuwepo. Ilikuwa jioni, Hei yuko kazini. Tumekaa mezani tunakunja unga na kuujaza nyama ya nguruwe na majani ya vitunguu, na Ching ananisimulia habari za jirani yake Bi Lau na meno yake mapya. Lifti ikafunguka. Funguo hazikulia. Viatu vikaanza kusimama mlango hadi mlango.

Ching hakuacha hata kusimulia. Aliinuka huku bado akiongelea meno, na mikono yake ikaondoka. Ndala zikaingia kwenye mchele. Mswaki ukaingia kwenye aproni. Mashati yakashuka kwenye bomba yakaingia kwenye mashine, maboksi yakapanda godoroni. Mimi nilikuwa na kijiko cha nyama mkononi. Nilipoelewa ninachokiona na kusema "Ching, hapana," mlango ulikuwa umeshagongwa, naye ameshafungua, na uso ule wa mjane umeshakaa mahali pake.

"Shikamoo mama," akasema kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni. Nyuma yake kulikuwa na mwenzake wa kike. "Humu mnaishi wangapi?"

"Peke yangu," akasema Ching.

Alilitamka vizuri, kama mwanafunzi aliyekariri. Halafu akasikia alichokisema. Niliuona uso wake ukibadilika, na nikatamani kuwa mahali pengine popote duniani.

"Goti linamchanganya," nikasema. "Mwanawe anaishi hapa. Yuko kazini."

"Na wewe?"

"Mimi dada yake. Ninakaa Sham Shui Po."

Akatazama karatasi yake. "Sham Shui Po ndiko kijana alikoandikwa."

"Kaandikwa, lakini hakai."

"Tangu lini hakai?"

Ningejibu kweli, ningesema tangu siku alipoandikwa, na miaka mitatu ya udanganyifu wa kodi ingetoka yote mlangoni pale. Ching naye akaona nimekwama. Akaiendea ndoo, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa ndala moja, kisha ya pili, mchele ukimwagika sakafuni.

"Hizi hapa," akasema. "Ndala zake. Tazama ukubwa, mimi siwezi kuzivaa."

Yule kijana alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Alizitazama ndala kwa muda.

"Mama, mbona ziko kwenye mchele?"

Akaandika, wakatushukuru, wakaenda kwa Bi Lau.

Hei aliporudi na kusimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Aliokota punje zilizobaki sakafuni, akazirudisha kwenye ndoo, akala chakula chake, na mama yake hakuweza kumtazama.

Majibu yakaja kwamba hakuna dalili ya mtu wa pili katika nyumba, ombi limekataliwa. Ching akakata rufaa. Bi Lau akaandika kwamba humwona kijana kila asubuhi na humsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta. Ofisi ikajibu kwamba watapita tena.

Ndipo Ching akaanza kuiadhibu mikono yake. Nikigonga mlango, kabla hata ya kunisalimu anasema, "Anaishi hapa." Anasema huku mikono ameifunga nyuma, kidole kimeshika kidole. Ndala alizitoa akaziweka nje kabisa ya geti la chuma, kwenye ukumbi, watu wanajikwaa. Mswaki aliutundika kwa uzi karibu na mlango. Mleta gesi aligonga, akaambiwa, "Anaishi hapa, analala kitanda cha juu." Mwanzoni nilimcheka. Kisha nikaona kila ninapokwenda mikono ile imefungwa nyuma, na kicheko kikanishinda.

Asubuhi moja ya Desemba mlango wangu mimi ndio uliogongwa. Wanaume wawili na mwanamke, nguo za kawaida, vitambulisho shingoni. Wakamtaja Hei kwa jina lake kamili. Kwenye karatasi anaishi kwangu, kwa hiyo walianzia kwangu.

"Hayupo," nikasema.

"Analala wapi?"

"Kijana wa siku hizi, nani anajua analala wapi."

Mwanamke akazitazama barua za Hei juu ya cherehani. Mwanamume mmoja akamwambia mwenzake, si kwa sauti ya kunificha, "Twende kwa mama yake." Wakashuka ngazi bila haraka.

Nikapiga simu kwa Ching. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ya Hei, imezimwa. Alikuwa na zamu ya usiku, na akilala huizima. Nikapiga tena na tena huku natafuta viatu. Nilipanda teksi, mimi ambaye watu wa mtaani wananijua kwa ubahili, na teksi ikakaa kwenye foleni ya magari huku nampigia mtu asiyepokea. Sijawahi kujiona sina maana kama nilivyojiona kwenye kiti kile. Nilimwambia dereva aharakishe, akanionyesha magari yaliyo mbele yetu.

Geti la chuma lilikuwa wazi. Pazia limevutwa kando, shuka la kitanda cha juu limening'inia. Ching alikuwa amekaa kitanda cha chini na simu pembeni yake, inawaka jina langu kila mara kidole changu kilipobonyeza. Nikaacha kubonyeza.

"Walisemaje?" nikamuuliza.

"Waliuliza kama Man-hei anaishi hapa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema anaishi hapa." Alikuwa ameushika ule mswaki, uzi bado umefungwa. "Nikawaonyesha mswaki. Nikawaonyesha mashati. Nikawaambia wasipige kelele, amelala, amefanya kazi usiku kucha."

"Hukuuliza ni akina nani?"

"Walikuwa na vitambulisho shingoni, Dada. Kama wale. Waliniambia asante. Walimruhusu avae viatu."

Nikakaa kando yake. Kupitia geti nilikuwa naziona zile ndala za bluu pale ukumbini, zimepangwa vizuri.

Ching akaitazama mikono yake.

"Safari hii," akasema, "sikuficha kitu."