Simu ya Wendell

Kiti cha Wendell tulikiinamisha. Hapa Vegas, kwetu sisi wakazi na si wale wageni wa kule Strip, barabara ya mahoteli makubwa, wanaopiga picha na chemchemi, kiti kikiegemezwa mbele mpaka mgongo wake uguse meza, maana yake mwenyewe yupo. Kaenda msalani, au kafuata supu, usikiguse. Wendell Kahalewai alifariki mwezi wa tatu akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho, na mpaka Novemba hakuna aliyethubutu kukisimamisha. Wasafishaji walikizunguka na mafagio yao. Siku moja mlevi mmoja alikivuta akae, Raddie akamwambia, "Hapo kuna mtu," na alivyolisema neno lile, hata mimi mwili ulinisisimka.

Jina langu Melvin Agpalo. Niligawa karata maisha yangu yote mpaka vidole vikagoma, na sasa napoteza pensheni yangu polepole, kwa raha zangu. Raddie Pacheco ni rafiki yangu, mtu wa maneno mengi. Tumetoka Hawaii sote, kama nusu ya watu wa kasino hii. Tulihamia huku jangwani kwa sababu kwetu nyumba hazinunuliki tena. Kila Jumamosi tuko kwenye ukumbi wa kubeti, tunakula supu ya mkia wa ng'ombe na wali, tunatazama mpira na kusutana.

Jumamosi ile akaingia Anti Verna, mjane wa Wendell. Kanisani tunamwona, sokoni tunamwona, lakini humu hajawahi kukanyaga. Aliapa tangu zamani, na Verna akiapa ameapa. Akimtaka mumewe alikuwa anapiga simu kasino, na binti wa simu anamwita Wendell kwenye kipaza sauti, watu wote wanasikia. Simu ya mkononi Wendell aliiacha garini makusudi, mjanja yule.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani na mkoba ameukumbatia kifuani.

"Chake ni kipi?" aliuliza.

Sote tulikitazama. Akakishika, akakisimamisha wima, akakaa. Raddie aliweka kijiko chini.

"Anti, njoo ukae hapa kwangu, hapa ndipo pazuri."

"Radford, sikuja kuchagua viti. Siku ya mazishi uliniambia humu ndani kipaza sauti hakisikiki. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Anti."

"Basi nimekuja kusikiliza mwenyewe. Nimemwambia Shanelle apige simu mchana huu, amwite baba yake kama nilivyokuwa namwita mimi."

Kisha akatueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile aliyofariki Wendell, yeye alikuwa jikoni. Akasikia gari la Wendell linaingia, injini inazimwa, mlango unafungwa. Akaenda kumfungulia. Nje hapakuwa na gari wala mtu, na lami ilikuwa kavu, inawaka jua. Ndipo alipokimbilia simu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Alinisikia akanipuuza, au hakunisikia? Nikijua hilo nitalala."

Mimi nililijua jibu. Siku ile nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Wendell. Kipaza sauti kiko juu ya meza yetu kabisa, kiziwi angesikia. Wendell aliitwa mara mbili, naye akasema, "Bado kidogo, mama," macho hayajabanduka kwenye mpira wa kikapu, na sisi tukacheka kama tulivyozoea kucheka. Mchezo ulipokwisha tukamgeukia tumtanie, tukakuta amekwisha kata roho. Raddie alidanganya kwa huruma. Ningekuwa mwepesi wa ulimi kama yeye, ningedanganya mimi.

"Nenda kamwambie Corazon wa simu asiite," Raddie alininong'oneza.

"Nenda wewe, mwongo ni wewe."

"Mimi goti linauma, braza."

Goti gani? Dakika hiyo hiyo aliinuka akaenda dirishani kwa wauza mikeka ya kubeti, akawabembeleza waongeze sauti ya mpira. Ikaongezwa mpaka mchuzi ukatetemeka bakulini.

"Rudisha, Radford," alisema Anti Verna bila kugeuka. "Iwe kama ilivyo kila siku."

Ikarudishwa. Raddie akaja na mkeka wa dola tano, ameibetia timu ya chuo cha kwetu Hawaii, ya ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi, iliyokuwa ikicheza ugenini huko mashariki. Akamwekea mbele yake.

"Wa kwako huo, Anti. Wa kupitisha muda."

"Mimi na kamari wapi na wapi?" Akausukuma kwa ukucha.

Lakini mtangazaji akataja jina la kijana aliyekuwa anakimbia na mpira, na Anti Verna akainua kichwa.

"Naeole huyo wa kina nani?"

"Wa kule kwetu Nānākuli."

"Mjukuu wa Ululani? Yule aliyekojolea benchi la kwaya?"

"Ndiye huyo huyo, Anti," nilisema. "Sasa ana kilo mia moja."

"Toba! Hebu sogea, unanizibia."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, ingawa yeye mwenyewe hakuona. Mkoba ulishuka kutoka kifuani ukaenda mapajani, kutoka mapajani ukaenda sakafuni. Alianza kula wali wangu bila kuniomba. Ilipofika robo ya mwisho, timu yetu iko nyuma kwa pointi nne na saa inakimbia, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti anapiga meza. "Shika kwa mikono miwili, mtoto! Bibi yako anakuona!"

Mimi sikuuona mchezo ule. Nilikuwa natazama dari. Kukaa unasubiri jina la marehemu liitwe ni jambo ambalo simwombei mtu yeyote, hata waliowahi kunidhulumu. Habari ilikuwa imepita meza kwa meza, nadhani, maana wazee wa mbio za farasi walishusha magazeti yao. Ubaridi wa mitambo, ambao tumeuzoea, ulinipenya shingoni. Nilijaribu kuomba, nikajikuta naomba umeme ukatike.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Wendell Kahalewai. Wendell Kahalewai, tafadhali pokea simu ya ndani."

Ilikuwa sauti ya Corazon, tulivu, ile ile ya siku zote. Kwake lilikuwa jina tu. Raddie alipiga ishara ya msalaba. Kwenye simu ya ukutani, karibu na mlango wa choo, kijitaa chekundu cha mtu anayeitwa kikaanza kuwaka na kuzima, na nakiri nilitazama mlango ule wa choo kuona nani atatoka.

Anti Verna aliinua kiganja hewani.

"Sh! Ngoja kidogo bwana, ngoja!"

Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Mjukuu wa Ululani alikuwa na mpira, watu watatu wamemning'inia mgongoni, anawaburuta.

Jina likaitwa mara ya pili. Anti Verna alitikisa kichwa tu, kama anayefukuza nzi. Kijana akaangukia ndani ya mstari wa mwisho, pointi sita hizo, na mama wa watu akaruka juu, akamkumbatia Raddie, akanipiga bega, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuko vijana visiwani.

Kisha akaona anashangilia peke yake.

"Mna nini nyie? Si tumeshinda?"

Raddie alinigeukia mimi.

"Anti," nilisema, "simu."

"Simu gani?"

"Ameitwa. Mara mbili."

Alikitazama kipaza sauti. Akakitazama kile kijitaa ukutani, bado kinawaka na kuzima.

"Hapana. Ningesikia."

"Ulisikia. Ulisema ngoja kidogo."

Aliketi taratibu. Raddie alikuwa analia sasa, na hakujificha.

"Na yeye?" Anti Verna aliniuliza. "Melvin, usinifiche. Yeye alisemaje?"

"'Bado kidogo, mama.' Alisema hivyo tu."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilistahili matusi, sisi wote tulistahili. Lakini alipapasa ukingo wa meza mahali Wendell alipokuwa akiweka viwiko vyake.

"Kumbe hakunidharau," alisema. "Nami sikumdharau mwanangu sasa hivi. Sauti imepita tu."

Nikadhani yamekwisha, tena yamekwisha vizuri. Halafu uso wake ukabadilika, na natamani nisingeuona.

"Nyumba yetu iko hapo ng'ambo ya barabara, hata kama yeye alikuja kwa gari kila siku. Ukisimama jikoni kwangu unaziona taa za hii kasino. Siku ile ningeweza kuvuka na kandambili zangu. Nilikuwa na hofu hiyo yote, Melvin, na bado nikasimama na simu mkononi, nasubiri mtu mwingine aniitie mume wangu."



Aliinuka, akazunguka nyuma ya kiti. Akauweka mkono juu ya mgongo wake, pale ambapo bega la mtu lingekuwa, akapigapiga kidogo kwa upole, kama unavyomwamsha mtu aliyesinzia.

"Wendell," alisema, wala hakupaza sauti. "Twende nyumbani."

Na sisi, wazee wazima, tulikikodolea macho kile kiti, tukisubiri ainuke.