Dalacha Katikati ya Daraja

Daraja ya chuma ilijengwa na Wazungu. Mzee mmoja hapa Merti husema vyuma zake zilishushwa kutoka meli huko Mombasa, zikaletwa na lori mpaka hapa kwa mto Ewaso Nyiro. Siku hizi ni ya kuangaliwa tu. Serikali iliweka bomba ya kuzuia gari kwa mlango yake na kibao: daraja ya kihistoria, gari marufuku. Ile mpya iko mbali sana, na ngamia zetu zilikuwa zimekonda. Nyasi ilikuwa ng'ambo. Mto nayo ilikuwa inapanda, maji rangi ya chai ya maziwa. Hao ngamia ndio chakula ya mama na dada zetu, hatuna ingine.

Ndugu yangu mkubwa, Guyo, alitaka tuzunguke. Mimi nikakataa. Kungoja siwezi, hata shule niliacha juu ya hiyo. Nikamwambia aangalie bodaboda, zinapita hapo tangu asubuhi na magunia. Kitu inabeba pikipiki na magunia itabeba ngamia. Guyo akakaa nyuma ya kundi na fimbo yake, mimi nikapita kando ya bomba na Dalacha.

Dalacha ni ule wa kijivu, mama ya kundi, ndiye huvaa kengele ya mti. Akitembea inalia tok, tok, na wengine wote wanafuata bila kuuliza. Na kwetu ukiongoza ngamia huangalii nyuma, juu ukiangalia nyuma anajua umeogopa.

Basi sikuangalia nyuma. Nikafika katikati ndio nikaona. Mbao zimeisha. Watu wameng'oa, labda za kuni, sijui. Kulikuwa na shimo, na juu ya shimo ubao moja tu, upana wa tairi ya pikipiki. Chini, maji.

Nikasimama. Dalacha akasimama, pua yake kwa shingo yangu. Nyuma yake kundi yote imeshaingia, kifua kwa mkia, vyuma huku na huku. Nikaita Guyo awarudishe. Akasema anavuta lakini hakuna anamsikia, wote wanasikia kengele. Ngamia hatembei kinyumenyume. Kugeuka atageuka, lakini lazima akuwe na kitu ya kufuata.

Nikamvua Dalacha kengele. Nikaijaza fulana yangu ndani isilie, juu ikilia kando watanijia na tuanguke wote. Halafu nikaruka vyuma, nikaenda kwa upande wa nje, nimeshika chuma imechomwa na jua, nikipita tumbo moja moja. Mmoja alinitemea mate kwa uso. Nilipofika kwa Guyo yeye akauliza tu, "Na bodaboda zako ziko wapi?"

Tukatoa fulana, tukapiga kengele. Wa mwisho akageuka kwanza, amekunja shingo, mbavu zinasugua chuma. Akatoka. Halafu ule mwingine. Guyo akaenda mbele yao na kengele, wakamfuata mpaka wakafika mchanga.

Dalacha hakuja.

Guyo akapiga tena. Dalacha akageuza masikio, akaangalia maji. Hapo ndio nilielewa. Tangu avae hiyo kengele hajawahi kuifuata. Inalia kwa shingo yake, anaenda mbele, basi. Kufuata kengele hajui. Akainua mguu ya mbele, akaweka kwa ubao. Ubao ukapinda.

Nikakimbia kwake. Guyo akanishika mkono.

"Golicha, muache. Mto inakuja."

"Nikimuacha anaenda mbele. Hajui njia ingine."

"Mvalishe kengele, basi."

"Na hawa wote warudi kwa daraja?"

Akaangalia kundi. Akaniachilia. Nikamwambia apeleke hiyo kengele mbali, mbali kabisa, na kundi imfuate.

Nikapita kando ya Dalacha, nikamtoa mguu kwa ubao, nikasimama kati yake na shimo, mgongo kwa maji, mikono kwa kifua yake. Nikasukuma. Akanisukuma. Kengele ya Guyo ikaenda ikipotea kwa miti, mpaka ikabaki mto tu inapiga vyuma chini ya miguu yetu na daraja inatetemeka. Dalacha akaweka kichwa kwa bega yangu, akangoja nimwonyeshe mahali pa kwenda, na nyuma yangu ni shimo tu.